Kitenge Hiki Kinauzwa Kila Mahali

Wapendwa, kaeni. Wenye watoto wapakateni, maana nina neno refu kidogo leo. Na nitaanza na aibu yangu mwenyewe, kwa sababu nikianza na za wengine mtasema mwinjilisti amekuja kutuchapa.

Mwaka ule nilipokwenda kwenye mkutano wa injili nchi ya jirani, muumini mmoja mfanyabiashara aliniomba nimvushie katoni yake. Chini kulikuwa na betri za sola, juu tukapanga vitabu vya nyimbo. Nilipofika mpakani afisa wa forodha akaniuliza, "Mtumishi, umebeba nini?" Nikamjibu, "Vitabu vya Bwana." Hakufungua. Alivua kofia yake, akasema, "Basi niombee, mke wangu anaumwa." Nami nikamwombea! Niliweka mkono huu, huu huu mnaouona, juu ya kichwa cha mtu niliyetoka kumdanganya, nikaomba kwa sauti kubwa mpaka foleni nzima ikaitikia amina. Kama mke wake alipona mimi sijui. Sikurudi kuuliza.

Hiyo ni yangu. Nimeitubu, lakini kutubu hakujaiondolea uchungu. Nimeisema ili mjue kwamba mfano huu hautoki kwa mtu msafi, wala kwa mtu msomi. Shule yangu mnaijua ilipoishia. Sikilizeni hivyo hivyo.

Kulikuwa na kwaya moja ya kanisa la mji wa bara, mji kama huu wetu. Ikapata mwaliko wa kwenda kuimba ng'ambo, kwenye nchi ya baridi, ambako kanisa moja lilikuwa linaadhimisha jubilei yake. Mnajua mwaliko wa namna hiyo unavyoponya wagonjwa. Watu ambao hawakuonekana mazoezini tangu Pasaka, sauti ziliwarudia ghafla. Waliokuwa na mafua ya miaka, mafua yakakauka.

Ndani ya kwaya hiyo alikuwemo mama mmoja mjane, wa sauti ya pili, fundi cherehani. Sare ya safari aliishona yeye, ya watu wote, na hakutaka malipo. Kilikuwa kitenge cha kahawia chenye ndege tausi wa kijani. Aliwapima wote kwa mkono wake. Alijua nani amenenepa na anajibana tumbo, alijua nani bega moja limeshuka, alijua mwenyekiti wa kwaya ana shingo nene, na kola yake aliifumua akairudia mpaka ikakaa.

Kwa nini alijitoa hivyo? Mama huyu alikuwa na binti katika mji ule ule walikoalikwa. Binti alikwenda huko kufanya kazi ya kutunza wazee, mwisho akaugua yeye, akalazwa. Mama aliomba viza peke yake, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Alipoomba pamoja na kwaya, akapewa. Wenzake walikuwa wanakwenda kuimba. Yeye alikuwa anakwenda kwa neno moja ambalo binti alimwambia kwenye simu: "Mama, njoo uniogeshe wewe. Hapa naogeshwa na watu nisiowajua."

Ndilo lililompeleka. Lishikeni hilo.

Siku ya safari ikafika. Mliowahi kupanda ndege mnajua kwamba mizani ya pale kaunta haina undugu. Likawekwa sanduku la mwenyekiti, dada wa kaunta akatikisa kichwa. "Baba, limezidi. Ulipie au upunguze." Likawekwa la mhazini, limezidi. Likawekwa la mwalimu wa kwaya, limezidi. Halafu likawekwa la mama fundi, namba zikapanda kidogo, zikachoka, zikasimama. Alikuwa na gauni moja la kubadilisha, kanga, chupa ya mafuta ya nazi na unga wa ulezi wa kumkorogea mgonjwa uji.

Mwenyekiti akapiga makofi. "Mama, sasa hizi kilo zote zilizobaki unampelekea nani?"

"Mimi sina vitu, mwenyekiti. Naenda kwa mgonjwa."

"Basi tuazime. Kwani sisi si mwili mmoja?"

Mhazini akadakia, "Na mwili una tumbo moja tu. Sanduku la mama ndilo tumbo. Fungua, mama, tukulishe!"

Wakacheka wote, na yeye akacheka nao, akapiga magoti pale sakafuni akafungua. Mhazini akaingiza nyama ya ng'ombe ya kukaushwa, ameifunga kwenye gazeti, ya shemeji yake anayeishi huko. Mwalimu wa kwaya akaingiza mizizi ya dawa. Dada mmoja wa sauti ya kwanza akaingiza maembe mabichi ya kula na chumvi, eti maembe ya huko hayana ladha. Mwenyekiti akaingiza usinga, mzuri kweli, wa mkia wa nyumbu, mpini umezungushiwa shanga, zawadi ya askofu mwenyeji. Sanduku likafura. Ikabidi watu wawili walikalie ndipo zipu ikakubali.

Walifanya ubaya hapo? Mimi ubaya sijauona bado. Ndivyo tunavyosafiri. Mwenye nafasi humbebea asiye na nafasi, na mtu akikataa tunamwita mchoyo mpaka anakufa. Hakuna aliyemwambia mama kwamba nyama na mizizi vina maswali yake huko mbele, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kuuliza ingekuwa kama kumshuku ndugu.

Wakiwa angani, mwenyekiti akapita kati ya viti akiinama kwa kila mmoja. "Tukifika, ukiulizwa mzigo ni wa nani, sema ni wangu. Ukiulizwa nani amekufungia, sema nimefunga mwenyewe. Tukianza hiki cha fulani, hiki cha fulani, tutakaa pale mpaka jubilei iishe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwenyekiti."

Na mama fundi akaitikia, "Tumeelewana."

Wakatua. Kwenye dirisha la uhamiaji wakapita vizuri, mmoja mmoja, pasi zikagongwa mihuri, haleluya kimoyomoyo. Wakachukua masanduku yao kwenye mkanda, wakashika njia ya kutokea. Hapo kwenye njia kulikuwa na kijibwa cha masikio marefu kimevalishwa koti, kinatembea na afisa wa forodha. Kikawapita wote. Kilipofika kwenye sanduku la mama, kikakaa chini. Kwetu mbwa akikaa karibu yako anasubiri mfupa. Kule mbwa akikaa karibu yako, umekamatwa.

Afisa alikuwa mzee kiasi, mwenye miwani, uso wa mtu aliyesimama tangu asubuhi. Akamwonyesha mama meza. Mama akaweka sanduku juu. Wenzake walikuwa wametangulia hatua chache, wamesimama ng'ambo ya utepe, si mbali, ni kama kutoka hapa nilipo hadi mlango ule. Walikuwa wanaona kila kitu.

Sasa, mama hakujua lugha ya watu wale. Mwalimu wa kwaya aliijua, ndiyo aliyokuwa anafundishia shuleni. Mama akageuka kumtazama. Mwalimu akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Msicheke sana.

Afisa akapiga simu, akaweka sauti ya juu, akailaza simu juu ya meza. Ikatoka sauti ya mwanamume wa Kikongo, mkalimani wao.

"Jambo, mama. Bwana anauliza, ile sanduku ni ya nani?"

"Ni yangu, baba."

"Ni weye ulifunga?"

"Ni mimi."

Afisa akafungua zipu. Akatoa nyama, akaifunua kwenye gazeti lake. "Na ile nyama?" "Yangu." Akatoa mizizi. "Yangu." Akatoa maembe. "Yangu." Akatoa usinga. Akaugeuza, akazishika zile nywele, akamwita mwenzake, wakautazama wote wawili.

"Mama," ikasema simu, "ile ni mkia ya nyama ya pori. Bwana anasema pasipo kibali ni kosa nzito, si sawa na maembe. Ile nayo ni ya nani?"

Mama akainua macho akamtafuta mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anasoma tangazo ukutani. Lugha ya tangazo lile hakuijua hata herufi, lakini alilisoma kwa bidii sana.

"Ni yangu," akasema mama.

Mkalimani akashusha sauti. "Mama, sasa nasema ya mimi, haiko ya bwana. Usinga ya nini kwako? Weye ni chifu?"

"Mwanangu, nina mtoto mgonjwa katika mji huu. Kuna watu wamenipa nafasi ya kuja kumwona. Nikiwataja hapa, nitakuwa nimewalipa nini?"

"Nitafsiri hiyo?"

"Usitafsiri."

"Mama, hapana. Mimi nalipwa kutafsiri yote." Na akatafsiri yote.

Afisa akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Akatazama ng'ambo ya utepe, pale walipokuwa wamesimama tausi wa kijani, tausi wa kijani, tausi wa kijani. Mtu wa kazi ile ameona masanduku mengi. Hakuwa mjinga. Akachukua simu mkononi, akawaendea.

"Bwana anauliza," ikasema simu, "hapa nani anajua huyu mama?"

Kimya.

Wapendwa, mmewahi kuisikia kwaya nzima ikinyamaza? Si kunyamaza kwa kupumzika katikati ya wimbo. Ninasema kunyamaza ambako kila mmoja anasikia jirani yake akimeza mate. Dada wa maembe akatazama vidole vyake. Mhazini akapekua mfukoni kama mtu aliyekumbuka kitu. Wale wa sauti ya pili, waliosimama bega kwa bega na mama yule kila Jumapili, waliopumua naye mahali pamoja katika kila ubeti, wakajisogeza nyuma ya wale wa sauti ya nne kwa sababu wale ni warefu.

"Nani anamujua?" simu ikarudia.

Macho yote yakamwendea mwenyekiti, kama tunavyofanya siku zote penye neno gumu. Mwenyekiti akasema, "Sisi tulimkuta tu kwenye ndege."

Afisa akatazama kifua cha mwenyekiti, akageuka akamtazama mama pale mezani, akarudi tena kwenye kifua. Hakuhitaji mkalimani. Akaigusa kidogo kola ile kwa kidole, akainua nyusi.

Mwenyekiti akavuta zipu ya koti lake mpaka kidevuni. "Kitenge hiki," akasema, "kinauzwa kila mahali kwetu."

Sasa sikilizeni, maana mfano unaanzia hapa. Yote niliyosema mpaka sasa yalikuwa njia tu.

Afisa akasema maneno mengi polepole, na mkalimani akayaleta: "Bwana anasema hakukuja kutafuta mwenye vitu. Vitu vinatupwa, inaisha. Huyu mama anapewa onyo. Anataka mtu moja tu aseme, namujua, tuko naye, atalala kwetu. Moja tu, amuachilie saa hii. Kama hapana mtu, sheria inamurudisha na ndege ya leo. Anauliza tena, na ile ni mwisho. Nani anamujua?"

Ule woga wa kwanza mimi nauelewa. Mtu yuko nchi ya watu, kuna mbwa, kuna sare za serikali, mkia wa nyumbu uko mezani, kichwa kinavurugika, ulimi unatoa uongo kabla moyo haujakaa sawa. Nauelewa, nimeufanya. Lakini sasa hofu imeondolewa. Wameambiwa wazi kwamba hakuna atakayefungwa, hakuna atakayetozwa, usinga hauna mwenyewe tena. Neno "namjua" limekuwa bure. Kitu gani kilibaki kikiwafunga midomo?

Niambieni. Serikali? Imeshawaachia. Mbwa? Ameshakwenda kwenye masanduku ya wengine.

Ni aibu tu. Aibu ya kusema "namjua" mbele ya mtu aliyekusikia sasa hivi ukisema humjui. Ili mama yule apite, mtu mmoja alitakiwa aonekane mwongo kwa dakika moja, mbele ya mzee mwenye miwani ambaye hatamwona tena maishani. Basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa gharama yote.

Mwalimu wa kwaya akafungua mdomo. Mwenyekiti akakohoa. Mwalimu akaufunga.

Afisa akangoja zaidi ya alivyotakiwa kungoja. Kisha akarudi mezani, simu mkononi.

"Mama," ikasema sauti ya Mkongo, na sasa ilikuwa ndogo, "wanasema hawakujui."

Mama akawatazama. Akatazama zile nguo, maana ni kazi ya mikono yake. Akasema, "Mwambie wamechoka na safari."

"Nitafsiri hiyo?"

"Hiyo tafsiri."

Wakamchukua kwenye chumba cha kungojea ndege ya kumrudisha. Kwaya ikatoka. Mlangoni nje alisimama msichana mmoja, rafiki wa binti mgonjwa, amebeba koti zito la kumvisha mama asije akapigwa na baridi. Alipowaona tausi akawakimbilia kwa furaha. "Shikamooni! Karibuni sana! Mama yuko wapi?"

Mhazini akamjibu, "Yuko nyuma, anakuja."

Mnaona uongo unavyozaa? Msichana akasimama na koti lake. Wakatoka abiria wa ndege nyingine, na wa nyingine, naye amesimama, anainua shingo kila mlango unapofunguka.

Jubilei ikafika. Kwaya ikaimba, na watu wa huko wakasimama kuwashangilia, kwa sababu hawakujua wimbo ule ulivyotakiwa kusikika. Baada ya ibada mke wa askofu mwenyeji akaja akashika mkono wa gauni la dada mmoja, akautazama mshono, akauliza kupitia mkalimani, "Kazi nzuri namna hii! Nani amewashonea?"

Mwenyekiti akasema, "Fundi mmoja wa kwetu."

Binti akafa wiki ile. Aliogeshwa na watu asiowajua, hai na maiti.

Mfano umeishia hapo. Najua mnataka uishe vingine. Mimi nilitaka pia. Wakati nautunga, nilijaribu kumfanya mwalimu wa kwaya aseme. Nilimfungua mdomo kwa mkono wangu. Nikajaribu kwa dada wa maembe. Nikajaribu kwa wale wa sauti ya pili. Kila nilipomwongelesha mmoja wao sikuamini, kwa sababu nilikuwa nawachonga kwa watu ninaowajua, na watu ninaowajua ni sisi.

Tusijidanganye kwamba mfano huu ni wa viwanja vya ndege. Wengi wetu hatutapanda ndege. Lakini sisi ni hodari wa kuwajua watu humu ndani. Humu tunapeana mikono, tunaitana mpendwa, tunajuana mpaka majina ya wajukuu. Ujuzi huo unafika mwisho wake pale anapotokea mtu mwenye mhuri na kuuliza, huyu mnamjua? Pale ndugu anageuka kuwa mtu tuliyemkuta kwenye ndege.

Na sasa nitaacha kuzunguka.

Dada yetu Spesioza hayupo leo. Nimemwomba mimi asije, ili niseme haya bila macho yake. Spesioza anayefua vitambaa vya meza hii ya Bwana. Aliletwa mji huu mgongoni mwa mama yake, wakati watu walipokuwa wanakimbia vita ng'ambo ya mpaka. Mama yake amelala kwenye makaburi yetu, na walio wakubwa hapa ndio waliochimba. Amesoma hapa, ameolewa hapa, amezika mume hapa, ana watoto hapa ambao hawajui kilima kingine zaidi ya hiki. Sasa ameitwa na watu wa uhamiaji kuhusu uraia wake, na wakishindwa kuthibitisha habari zake, atavushwa. Atavushwa kwenda wapi? Kule hakuna hata mlango anaoujua.

Watu wa uhamiaji simlaumu hata mmoja. Kazi yao ni kuuliza, na wameuliza. Afisa alipita mtaani kwetu, nyumba kwa nyumba, akauliza kama tunamjua huyu mama. Nanyi mnajua mlivyomjibu.

Sitataja mtu. Lakini nilipozunguka baadaye nikasikia kwa masikio yangu. Mmoja akaniambia, "Mwinjilisti, mambo ya uraia ni moto, mimi kijana wangu ameomba kazi serikalini." Mwingine akasema, "Mimi namjua kanisani tu. Nje ya kanisa simjui." Namjua kanisani tu! Hilo neno lilininyima usingizi. Mwingine akasema tumweke kwenye maombi. Tumemweka. Yuko kwenye maombi kila Jumatano, analetwa mbele za Mungu kwa machozi na watu walewale waliomwambia afisa kwamba hawamjui vizuri.

Na mimi? Afisa alipofika kwangu nilimwambia nina kikao, aje siku nyingine. Sikuwa na kikao.

Nilikwenda juzi kwake ofisini. Nilisimama mbele ya meza yake nikamwambia, "Bwana afisa, siku ile sikuwa na kikao. Niliogopa. Spesioza namjua tangu yuko mgongoni." Alinitazama. Uso uliniwaka, sitawaficha, niliona aibu mpaka masikioni. Kisha akachukua kalamu akaandika, akasema, "Wewe ni mmoja. Mmoja hatoshi. Waje wengine." Basi, iliishia hapo. Hakunicheka, hakunifunga. Aibu yenyewe ilikwisha kabla sijafika nyumbani.

Kwa hiyo mimi leo siombi sadaka, na sitawaita mbele kuombewa. Hata machozi yenu siyataki, mama yule wa kwenye mfano alililiwa na dada wa sauti ya kwanza njia nzima ya kwenda hotelini na haikumsaidia.

Naomba hivi. Jumanne saa mbili asubuhi Spesioza ataitwa tena, ofisi ya uhamiaji ya wilaya, ile iliyo nyuma ya soko. Njooni na vitambulisho vyenu. Mkiulizwa, semeni, "Nilikwambia simjui. Nilidanganya. Namjua."

Njooni, tafadhali.